Mtumwa Alishitaki kwa Sheria Ipi?

Miji mingi huanza kwa sababu ya soko, bandari au mgodi. Mji wetu ulianza kwa sababu ya watumwa. Mwishoni mwa mwaka 1891, Kapiteni Jules Jacques, aliyetumwa na shirika la Wabelgiji la kupinga utumwa, alijenga ngome ukingoni mwa ziwa na kuiita Albertville, kwa heshima ya mwana mfalme Albert. Mwaka uliofuata, watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, waliishambulia ngome hiyo. Kabla Kalemie haijawa na reli wala bandari, ilikuwa imekwisha kupiganiwa kwa ajili ya swali moja la maadili: je, ni halali mtu kummiliki mtu?

Vijana wa parokia zetu hulijibu swali hilo upesi, kwa maana jibu laonekana wazi. Tunawaomba wasiwe na haraka. Katika miaka ile, karibu kila aliyekuwa na mtumwa kandokando ya Tanganyika alikuwa na sheria ya kujitetea nayo. Mfanyabiashara wa Ujiji alikuwa na sheria ya dini yake, ambayo iliruhusu kummiliki mateka na ilimsifu anayemwacha huru. Chifu wa Marungu alikuwa na desturi ya mababu, ambayo iliruhusu deni au fidia ya damu kulipwa kwa kumtoa mtu wa ukoo. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II nayo ilikuwa na amri zake, zilizomtoa mtumwa mikononi mwa Mwarabu na kumtia katika kazi ya serikali bila kumwuliza kama anataka. Basi mtu yule aliyetembezwa na gogo shingoni kutoka Manyema hadi pwani ya ziwa, akisema moyoni mwake kwamba ameonewa, alikuwa akishitaki kwa sheria ipi? Sheria zote zilizoandikwa na zote zilizorithiwa zilikuwa upande wa yule aliyeshika kamba.

Kanisa lina jina la sheria ile ambayo mtumwa aliitegemea. Huiita sheria ya maumbile. Jina hili huwasumbua walimu wa dini katika mafunzo yetu, kwa kuwa katika Kiswahili cha kila siku maumbile ni umbo la mwili, au ni misitu, mvua na wanyama. Wengine hudhani, basi, kwamba sheria ya maumbile ni ile ya chui kumla mbuzi. Sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba ni jinsi kiumbe mwenye akili anavyoshiriki mpango wa milele wa Mungu. Mnyama huongozwa tu. Mtu huongozwa huku akielewa aendako. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba jema litendwe na baya liepukwe. Kutoka hapo, akili hutazama yale ambayo mtu huyaelekea kwa asili yake, kama kuhifadhi uhai, kulea watoto, kuishi na wenzake na kuutafuta ukweli, nayo hutambua kwamba hayo ni mema yanayodai kulindwa. Kabla yake, Mtume Paulo aliwaandikia Waroma, katika sura ya pili, kwamba hata mataifa wasio na Torati wanayo sheria mioyoni, na dhamiri yao huwa shahidi. Sisi tunapowaandaa walimu wapya hupenda kutumia habari ya Kaini. Alimwua ndugu yake vizazi vingi kabla Musa hajapanda Sinai. Ni nani aliyemfundisha kwamba amekosa, hata alipoulizwa akajibu kwa kukwepa? Wanafunzi hucheka kidogo, kisha hunyamaza.

Mpaka hapa somo ni jepesi. Ugumu huanza tunapofungua historia, kwa sababu sheria hii iliyomo katika kila moyo haikusomwa vizuri sikuzote, hata na watakatifu.

Mtakatifu Augustino aliuona utumwa kuwa matokeo ya dhambi, si kazi ya uumbaji. Lakini kwa kuwa dhambi ipo, aliona kwamba utumwa nao utakuwapo. Tomaso mwenyewe, palepale anapoieleza sheria ya maumbile, alisema kwamba utumwa haukuletwa na maumbile bali ulibuniwa na akili ya watu kwa manufaa ya maisha, kama ilivyokuwa milki ya mashamba na mali. Tazameni jinsi maneno hayo yanavyoelekea pande mbili. Yanasema hakuna aliyezaliwa mtumwa kwa asili yake, na hilo ni jambo kubwa ukilinganisha na Aristotle, mwalimu wake wa falsafa, aliyeamini kwamba watu wa namna hiyo wapo. Lakini pia yanaacha mlango wazi: ikiwa akili iliubuni, basi huenda mahali fulani unafaa.

Kwa karne nyingi wanateolojia walipita katika mlango huo. Kuwateka watu na kuwauza kulikemewa. Papa Paulo III, mwaka 1537, alitangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili wasioweza kunyang'anywa uhuru wao. Papa Gregori XVI, mwaka 1839, alilaani biashara ya Waafrika. Hata hivyo, kummiliki mtumwa aliyepatikana kwa kile kilichoitwa hati ya haki, yaani kwa vita halali, kwa adhabu, kwa kununuliwa au kwa kuzaliwa na mama mtumwa, kuliendelea kuhesabiwa na waalimu wengi wa maadili kuwa jambo linaloweza kuvumiliwa.

Swali likatoka Afrika ya Mashariki. Vikari wa Kitume wa Wagalla huko Ethiopia, Askofu Guglielmo Massaia, alitaka kujua Wakristo wake wafanye nini katika nchi ambamo watumwa walinunuliwa na kuuzwa kila siku. Ofisi Takatifu ya Roma ilijibu tarehe 20 Juni 1866. Ilisema kwamba utumwa, ukitazamwa wenyewe, haupingani kabisa na sheria ya maumbile, na kwamba hati za haki zaweza kuwapo. Ikaongeza masharti: anayenunua achunguze kwa makini kama huyo anayeuzwa alinyimwa uhuru wake kwa haki au kwa dhuluma, na pasifanyike jambo la kuhatarisha uhai wake, maadili yake au imani yake.

Tumeona katekista wengine wakiuficha ukurasa huu kwa vijana. Hatuafikiani nao. Kijana atausoma siku moja katika simu yake, na wakati huo atadhani kwamba tulikuwa tukimdanganya katika mengine yote pia.

Lakini msiishie kwenye jibu. Tazameni sharti lake. Mwaka 1879 Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji, na mwaka 1885 walikabidhiwa Mpala, upande wetu wa ziwa. Chukueni swali la Roma mkaliulize katika soko la Ujiji wa wakati ule: huyu alinyimwa uhuru wake kwa haki au kwa dhuluma? Vita gani ilikuwa halali, ambapo kijiji kilizungukwa usiku, nyumba zikachomwa na wazee wakaachwa chini? Hati gani angeionyesha yule aliyemnunua mtoto kwa vitambaa? Ukilishika sharti hilo kwa uaminifu, ruhusa inatoweka mikononi mwako. Wamisionari waliandika barua, na barua zikamfikia Lavigerie, na Lavigerie akamfikia Papa.

Tarehe 5 Mei 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili waraka uitwao In plurimis. Humo hakushambulia biashara peke yake. Alisema kwamba utumwa wenyewe ni kinyume cha yale Mungu na maumbile walivyoyaweka tangu mwanzo. Siku nane baadaye, tarehe 13 Mei, Brazili ilifuta utumwa kwa sheria. Mwaka huohuo Lavigerie, kwa agizo la Papa, alihubiri Paris katika kanisa la Saint-Sulpice tarehe 1 Julai, kisha London, kisha Brussels, akiwaeleza watu wa Ulaya yanayotendeka kandokando ya maziwa yetu. Kutoka 1866 hadi 1888 ni miaka 22 tu. Naye Leo XIII ndiye papa yuleyule ambaye mwaka 1879, kwa waraka Aeterni Patris, aliwarudisha wanafunzi wa Kanisa katika shule ya Mtakatifu Tomaso. Hakumwacha Tomaso ili aupinge utumwa. Alianzia pale Tomaso alipoanzia, kwamba kwa maumbile hakuna mtumwa, akakataa kuuacha mlango ule wazi. Mwaka 1993 Yohane Paulo II, katika Veritatis splendor, aliutaja utumwa miongoni mwa matendo yaliyo maovu yenyewe, yasiyoweza kufanywa mema na hali yoyote wala nia yoyote.

Kuna wasemao kwamba Kanisa lilifundisha neno lilelile siku zote. Tarehe hizi haziwaungi mkono. Wapo pia wasemao kwamba, kwa kuwa mafundisho yalisogea, hiyo sheria ya maumbile ni mpira wa kuvutwa kila mtu upande wake. Hao nao hawajatazama vizuri. Maumivu ya mtumwa wa mwaka 1866 hayakuwa tofauti na ya mtumwa wa mwaka 1888. Kilichobadilika ni ukaribu wa wale waliotoa hukumu. Ukiwa mbali, utumwa ni neno katika kitabu cha Kilatini. Ukikaa Mpala, una sura na jina na vidonda.

Na wengine waliujua bila kufundishwa na mtu. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka Mapadri Weupe walipomkomboa huko Algeria. Walimsomesha udaktari Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa katekista na mganga. Alikaa huko hadi kifo chake mwaka 1956, akitibu na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60. Lugha yetu ina jambo la kutazamwa hapa. Mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Wa kwanza hutumwa kama jembe. Wa pili hutumwa akiwa na neno la kusema. Atiman alipita kutoka hali ya kwanza hadi ya pili, naye hakupadirishwa wala hakuvaa kanzu ya utawa. Alikuwa mlei, kama sisi.

Ingekuwa vema kama historia ya upande wetu ingeweza kusimuliwa yote kwa sauti hiyo. Haiwezekani. Wahenga wamesema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu, na wengi wa waliokuja kuwakomboa watumwa walikuwa na mkuki wao. Luteni Émile Storms alikijenga kituo cha Mpala mwaka 1883 kwa jina la ustaarabu na la kupinga utumwa. Desemba 1884 watu wake walimwua Chifu Lusinga, ambaye kweli alikuwa mtekaji na mwuzaji wa watu, wakamkata kichwa. Storms akakichukua kichwa hicho Ulaya, nalo fuvu la Lusinga likaingizwa katika makusanyo ya makumbusho ya Brussels, kama vile ndege waliokaushwa. Kumzika maiti, hata wa adui, ni jambo ambalo hakuna kabila la ziwa hili lililohitaji kufundishwa na mgeni. Kapiteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyefika mwaka 1887 kuwalinda watu wa misheni, alikuwa mtu wa namna nyingine: alioa kwetu, akazeeka kwetu, akafa karibu na Moba mwaka 1927. Hata hivyo, vijiji vya Wakristo vya wakati ule viliongozwa kwa amri kali, na aliyekombolewa hakuwa huru kwenda atakako. Kuhusu Leopold II hatuna haja ya kusema mengi: bendera yake ya kupinga utumwa ilipandishwa juu ya nchi iliyolazimishwa kuchuma mpira kwa mjeledi.

Aliyeandika kitabu juu ya mambo hayo ya Leopold, mwaka 1906, alikuwa Mjesuiti Arthur Vermeersch, mwalimu wa teolojia ya maadili huko Ubelgiji. Tunamtaja kwa sababu jina lake linakutana na la mtu wa kwetu. Miaka michache baadaye, Vermeersch alisaidia kutoa katika jarida la La Revue Congolaise, lililochapishwa Brussels, maandishi yenye kichwa La psychologie des Bantu. Mwandishi wake hakuwa mmisionari. Alikuwa mseminari kijana wa Marungu, jina lake Stefano Kaoze.

Kaoze alizaliwa katika miaka ya 1880, yaani katika miaka ileile ya misafara na ya kichwa cha Lusinga. Alisoma seminari ndogo, kisha akasoma falsafa na teolojia Baudouinville, ambayo leo ni Moba-Kirungu. Katika falsafa ya seminari, saikolojia ilikuwa na maana ya elimu ya roho ya mtu: akili yake, utashi wake, hisia zake. Kaoze alichukua vyombo hivyo alivyopewa na walimu wake Wazungu, akavitumia kuwaeleza watu wake mwenyewe. Alieleza jinsi wanavyofikiri, jinsi wanavyopima jema na baya, fadhila zao na kasoro zao, bila kuwapamba.

Katika wakati wetu huenda hilo likaonekana jambo dogo. Kwa wakati ule lilikuwa jibu kwa hoja nzito. Wako wasomi wa Ulaya waliokuwa wakiuliza kama mtu mweusi anaweza kufikiri mambo yasiyoshikika kwa mkono, na hata miongoni mwa wamisionari waliomfundisha Kaoze wapo waliokuwa na mashaka juu ya akili za watu wetu. Ikiwa sheria ya maumbile imeandikwa katika akili ya kila mtu, basi anayewakana watu akili amewakana na dhamiri. Na aliyekanwa dhamiri, kumwamuru kama mtoto au kama punda kunakuwa halali. Kaoze hakuandika barua ya kulalamika. Aliandika uchunguzi wa kifalsafa, nao wenyewe ulikuwa ushahidi. Ilikuwa zaidi ya miaka 30 kabla ya Padri Placide Tempels kutoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, kitabu kinachotajwa kila mahali wakati jina la Kaoze halijulikani hata na vijana wa Moba. Tarehe 21 Julai 1917 Kaoze alipewa daraja la upadri, wa kwanza miongoni mwa wazawa wa Kongo ya Wabelgiji, akafariki mwaka 1951.

Tungependa kusimama kwa Kaoze, lakini swali letu la mwanzo halijaisha katika mkoa wetu.

Mnajua tunakoelekea. Tangu mwaka 2013 kumekuwa na mapigano kati ya Watwa na jirani zao Wabantu, hasa Waluba, katika Manono, Kabalo na Nyunzu. Mwaka 2016, baada ya ugomvi juu ya ushuru wa viwavi, moto ulienea. Pande zote mbili ziliua, zote mbili zilichoma vijiji, na mamia ya maelfu walikimbia. Wengi wenu mliona kambi zikijaa pembezoni mwa Kalemie, na baadhi yenu mlikulia ndani yake. Hatuandiki hapa kumhukumu mmoja na kumsafisha mwingine. Bali kabla ya mishale na mapanga kulikuwa na neno lililosemwa kwa amani, bila aibu, katika vijiji ambavyo Misa ilisomwa kila Dominika: Batwa betu. Watwa wetu. Walilima mashamba ya wenyewe, wakabeba mizigo, wakawinda, wakalipwa chumvi, nguo kuukuu au pombe. Baba alikuwa wa baba, na mwana akawa wa mwana.

Katika mafunzo ya walimu wa dini tuliwahi kuuliza: neno betu linasimama juu ya hati gani? Mmoja alijibu kwa unyofu kabisa kwamba familia ya yule Mtwa ilirithiwa tangu zamani. Hakujua kwamba alikuwa ametaja mojawapo ya zile hati za haki zilizohesabiwa na wanateolojia wa kale, hati ya kuzaliwa. Mwingine alisema kwamba Watwa wenyewe walizoea na hawakulalamika. Hiyo nayo ni hoja ya zamani. Ilitumika Brazili, ilitumika Zanzibar. Tukakaa na hoja hizo mbili asubuhi nzima, wala hatukumaliza kitabu tulichokusudia kukimaliza siku ile. Jambo lililowagusa zaidi walimu halikuwa Tomaso wala Leo XIII. Lilikuwa ni kuhesabu, parokia kwa parokia, ni Watwa wangapi wamo katika kwaya, katika halmashauri, katika darasa la kipaimara. Hesabu haikuchukua muda mrefu.

Tarehe 15 Julai 2022 Jamhuri yetu ilitangaza Sheria Na. 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za wenyeji wa asili Mbilikimo, ambao Watwa wa Tanganyika ni miongoni mwao. Imeandikwa kwa Kifaransa. Kikundi chenye vijana wawili au watatu waliomaliza masomo ya sekondari kinaweza kuisoma kwa jioni chache na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya wengine, na ingefaa Watwa wa parokia wawepo wanapoelezwa, wapewe na nafasi ya kusema ni vifungu vipi wameviona vikitendeka huko Nyunzu na ni vipi havijafika.